HATARI YA NANI? Uhakiki wa Nadharia Mpya ya Fedha na Tabianchi

Tarehe 29 Septemba 2015, Mark Carney, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu ya Uingereza wakati huo, aliwahutubia wafanyabiashara wa bima wa Lloyd's mjini London. Aliwaambia kwamba mabadiliko ya tabianchi si jambo la wataalamu wa hali ya hewa peke yao. Ni hatari kwa mabenki, kwa makampuni ya bima na kwa mfumo mzima wa fedha duniani. Hotuba hiyo ilikuwa chanzo kikubwa cha nadharia ambayo leo imeenea katika Benki Kuu nyingi: kwamba wasimamizi wa fedha wakiyataka mabenki yaipime hatari ya tabianchi, yaitangaze na kuiwekea bei, mtaji wenyewe utaihama mitambo inayochafua hewa na kwenda kwenye shughuli zilizo salama.

Katika makala haya tunakusudia kuipima nadharia hiyo. Hatuipimi kwa sababu imetoka London. Wazo halikataliwi kwa ajili ya mahali lilikozaliwa. Tunaipima kwa sababu imekwisha kuingia nyumbani. Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo wake juu ya hatari za tabianchi mwezi Oktoba 2021, na Benki Kuu ya Tanzania ikatoa wake mwaka 2022. Mwongozo ukishafika katika benki hugeuka kuwa fomu, na fomu hugeuka kuwa jibu analopewa mkulima wa Rufiji au Kilosa anapoomba mkopo wa mbegu. Kwa hiyo suala hili si la wachumi peke yao. Ni suala la siasa, na Chama cha wakulima na wafanyakazi hakiwezi kulinyamazia.

NADHARIA INASEMA NINI

Carney alizigawa hatari katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni maafa yenyewe: mafuriko, ukame na vimbunga vinavyoharibu mali iliyowekwa dhamana au kukatiwa bima. La pili ni mashauri: walioumizwa kuwashitaki walioumiza na kudai fidia. La tatu ni mpito: dunia ikiacha kutumia makaa ya mawe na mafuta, migodi na visima vilivyogharimu fedha nyingi vitakosa thamani, na mabenki yaliyovikopesha yatapata hasara. Aliongeza kwamba upeo wa macho wa watu wa fedha ni mfupi mno. Sera ya fedha hutazama miaka miwili au mitatu mbele, na hata wasimamizi wa uimara wa mabenki hawaendi mbali zaidi ya miaka kumi hivi. Lakini gharama kubwa za tabianchi zitawaangukia watu wa baadaye.

Tukiri kwanza kwamba nadharia hii ina ukweli ndani yake. Kwa muda mrefu tuliambiwa kuwa soko huona kila kitu na kwamba bei ni mwalimu asiyekosea. Hapa gavana wa mojawapo ya Benki Kuu kongwe duniani anakiri hadharani kwamba soko halioni mbali. Mwezi Januari 2020 Benki ya Malipo ya Kimataifa, iliyoko Basel, ilikwenda mbele zaidi. Katika kitabu chake juu ya suala hili, waandishi wake walieleza kwamba hatari ya tabianchi haiwezi kuhesabiwa kwa kutazama takwimu za miaka iliyopita, kwa kuwa miaka ijayo haitafanana na iliyopita. Na kwamba Benki Kuu peke yake haziwezi kuitatua. Hayo ni maungamo makubwa. Mtu yeyote anayetaka uchumi uongozwe na mpango badala ya bahati nasibu anapaswa kuyapokea.

Kosa la nadharia liko mahali pengine. Liko katika swali ambalo haiulizi: hatari hii ni ya nani?

BENKI IKISALIMIKA, NANI AMEZAMA?

Katika nadharia hii neno hatari lina maana moja tu, nayo ni uwezekano wa benki au kampuni ya bima kupoteza fedha. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba au mtoto haingii katika hesabu, isipokuwa kama alikuwa na deni. Matokeo yake ni kwamba mfumo unaweza kutangazwa kuwa salama wakati watu wanazama.

Mfano wa kwanza tunaupata Uingereza kwenyewe. Mwezi Mei 2022 Benki Kuu ya nchi hiyo ilitoa matokeo ya zoezi la kuwapima mabenki na makampuni ya bima makubwa mbele ya hali mbalimbali za tabianchi. Matokeo yalikuwa kwamba makampuni hayo yangeweza kuzibeba gharama, ingawa faida yao ingepungua. Lakini taarifa hiyo hiyo ilionya kwamba dunia isipochukua hatua, sehemu ya kaya zilizo katika maeneo ya mafuriko zingeweza kukosa bima kabisa. Yaani benki ingenusurika kwa sababu mzigo ungehamishiwa kwa mwenye nyumba. Huko Marekani jambo hili halikungoja zoezi: mwezi Mei 2023 kampuni ya State Farm ilitangaza kuacha kupokea maombi mapya ya bima ya nyumba katika jimbo la California, ikitaja moto wa misitu, gharama za ujenzi na bei ya kujikinga yenyewe. Kampuni ilijiondoa kwenye hatari, lakini hatari yenyewe ilibaki palepale ilipo nyumba.

Mfano wa pili unazihusu nchi zetu moja kwa moja. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vya Imperial na SOAS vya London walikadiria kwamba katika muda wa miaka kumi nchi zilizo hatarini zaidi kwa tabianchi zililipa riba ya ziada ya dola bilioni 40 kwenye madeni ya serikali zao, kwa sababu tu ya kuwa hatarini. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoanzisha kundi la mawaziri wa fedha wa nchi hizo huko Lima mwaka 2015. Tuitazame maana yake kwa makini. Afrika nzima inatoa takriban asilimia 4 ya hewa chafu ya dunia. Waliochafua wameitajirisha mitaji yao kwa uchafuzi huo, kisha mitaji hiyo hiyo inarudi kwetu kama mkopo, na tunatozwa riba kubwa zaidi kwa kuwa uchafuzi wao umetuweka hatarini. Hiki ndicho kinachoitwa kuiwekea hatari bei. Kwa lugha ya wazi ni kumtoza majeruhi ushuru wa jeraha lake.

Mfano wa tatu ni jirani zetu wa Msumbiji. Kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, na katika Msumbiji peke yake watu zaidi ya 600 walikufa. Mwezi uliofuata Shirika la Fedha la Kimataifa liliipa nchi hiyo dola milioni 118.2. Fedha hizo hazikuwa fidia. Zilikuwa mkopo, tena kwa nchi iliyokuwa tayari imelemewa na madeni. Ndani ya wiki chache pwani ya kaskazini ya nchi hiyo ilipigwa na kimbunga kingine, Kenneth.

UWAZI BILA AMRI

Dawa kuu ya nadharia hii ni uwazi. Baada ya hotuba ya 2015 kiliundwa kikosi cha kimataifa chini ya Michael Bloomberg ili kueleza namna makampuni yatakavyotangaza hatari zao. Kikosi kilitoa mapendekezo yake mwezi Juni 2017 na kikavunjwa mwezi Oktoba 2023, kazi yake ikikabidhiwa kwa watunga kanuni za mahesabu. Desemba 2017 Benki Kuu na wasimamizi wanane walianzisha mtandao wao mjini Paris, ambao baadaye ulipata wanachama zaidi ya 140. Aprili 2021 mabenki makubwa yaliunda umoja wa hiari wa kuahidi kupunguza uchafuzi unaotokana na mikopo yao. Novemba 2021 huko Glasgow ulimwengu ulitangaziwa kwamba mitaji ya dola trilioni 130 imejiunga na juhudi hizi.

Ahadi hizo zilidumu kadiri upepo wa siasa ulivyoruhusu. Siasa za Marekani zilipogeuka, mabenki makubwa ya nchi hiyo yaliutoka umoja wao kati ya Desemba 2024 na Januari 2025. Mwezi huo huo wa Januari 2025 Benki Kuu ya Marekani nayo ilijitoa katika mtandao wa Paris. Juni 2025 Kamati ya Basel ilitoa utaratibu wa kutangaza hatari za tabianchi ukiwa ni wa hiari kwa kila nchi. Oktoba 2025 umoja wa mabenki ukafungwa.

Hatushangai. Kumtaka mwenye mtaji atangaze anachofanya bila kumwamuru aache ni kumwomba mwizi aandike orodha ya alivyochukua. Uwazi ni chombo kizuri mikononi mwa mwenye mamlaka ya kutenda. Peke yake haubadili umilikaji wala mwelekeo wa mtaji.

SOMO LA 1973

Wapo wanaodhani kwamba sisi ni wageni wa suala hili na hatuna budi kulisoma kwa wengine. Si kweli. Tanzania iliijua hatari ya mfumo mzima kabla haijapewa jina hilo. Katika misimu ya 1973/74 na 1974/75 mvua zilikosekana katika sehemu kubwa ya nchi. Wakati huo huo bei ya mafuta katika soko la dunia ilipanda karibu mara nne, na bei ya nafaka ilikuwa juu. Taifa likalazimika kununua chakula nje kwa fedha za kigeni ambazo zilikuwa zimekusudiwa mitambo na vipuri. Akiba ikayeyuka, viwanda vikakosa malighafi, na Serikali ikakopa nje, ikiwa ni pamoja na kwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Ukame ulioanzia shambani ulifika katika hazina, kutoka hazina ukafika kiwandani, na kutoka kiwandani ukafika katika uhuru wa nchi wa kujiamulia mambo yake.

Jibu la wakati ule lilikuwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Wapo wanaosema, na si bila sababu, kwamba haraka ya kuwahamishia watu katika vijiji katika miaka hiyo hiyo iliongeza upungufu wa chakula. Lakini msingi wa jibu lile ulikuwa sahihi: kwamba ghala la chakula ni sehemu ya usalama wa fedha, na kwamba katika nchi ya wakulima uimara wa benki huanzia kwenye unyevu wa udongo.

KANUNI IKINAKILIWA

Sasa tuitazame hali ya leo. Mwongozo wa Benki Kuu wa 2022 unayataka mabenki kuiingiza tabianchi katika uongozi wao, katika usimamizi wa hatari na katika taarifa zao. Hatupingi. Benki inayokopesha bila kuangalia bonde linafurika mara ngapi inacheza na fedha za wenye amana, na wengi wa hao ni wafanyakazi.

Lakini tujiulize: meneja wa tawi akiamriwa apunguze hatari ya tabianchi katika mikopo yake, na asiamriwe jambo jingine, atafanya nini? Njia iliyo rahisi kwake ni kutomkopesha anayetegemea mvua. Hahitaji kuchimba mfereji wala kutafuta mbegu inayostahimili ukame. Anahitaji kusema hapana. Kitabu chake kitakuwa safi, mkaguzi atamsifu, na fedha zitakwenda kwenye hati fungani za Serikali na biashara za mjini. Mkulima aliyenyimwa mkopo atashindwa kununua pampu ambayo ingempunguzia hatari. Msimu ujao atakuwa hatarini zaidi, naye atanyimwa tena kwa sababu hiyo. Hivyo kanuni iliyotungwa kupunguza hatari itakuwa imeiongeza mahali ambapo watu wengi wa nchi hii wanapata riziki yao.

Hili si jambo la kubuni. Katika mvua za msimu wa 2023/24, kama Bunge lilivyoelezwa na Waziri Mkuu mwezi Aprili 2024, watu 155 walipoteza maisha na zaidi ya watu 200,000 waliathirika. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Rufiji na mabonde mengine yaliyofurika ndiyo yenye ardhi ya rutuba. Tukiyapiga mabonde hayo alama nyekundu katika ramani za mabenki, tutakuwa tumeyaondoa katika uchumi.

Wala hesabu za kitaalamu hazitoshi bila mkulima mwenyewe. Malawi ilijiunga na mpango wa bima ya ukame wa bara letu. Ukame wa 2015/16 ulipofika, mahesabu ya mtambo yalionyesha kwamba nchi haistahili malipo. Baadaye ikagundulika kwamba mtambo ulidhani wakulima wamepanda mahindi ya muda mrefu, kumbe wengi walikuwa wamepanda ya muda mfupi. Hesabu ikarekebishwa na dola milioni 8.1 zikakubaliwa, lakini miezi ilikuwa imepita na njaa haikungoja. Swali ambalo mkulima yeyote angelijibu kwa dakika moja halikuulizwa kwa wakati.

TUJIKOSOE

Uhakiki usiojumuisha kujikosoa ni matusi tu. Kwa hiyo tuseme wazi: Taifa letu lilikwisha kuyaelekeza mabenki, na halikufanya vizuri kila mahali. Februari 1967 mabenki yalitaifishwa, na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Mikopo ilielekezwa kwa mazao na vijiji. Lakini vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, mamlaka za mazao zilichukua nafasi yao, na hasara zao zikabebwa na benki mwaka baada ya mwaka. Mkopo uligeuka kuwa ruzuku iliyofichwa. Mkulima aliyetajwa kuwa ndiye mlengwa mara nyingi alilipwa kwa kuchelewa, na wakubwa wa mashirika hawakuulizwa. Tume ya Nyirabu, iliyoundwa mwaka 1988, iliuonyesha ugonjwa huo, na sheria ya mabenki ya 1991 ikafungua mlango kwa mabenki binafsi.

Tulichojifunza ni nini? Wapo wanaosema somo ni kwamba Serikali isielekeze mikopo kamwe. Sisi tunasema somo ni jingine: kuelekeza mikopo bila hesabu za wazi na bila usimamizi wa walengwa wenyewe huzaa urasimu na mikopo chechefu. Kosa halikuwa katika kuelekeza. Lilikuwa katika kuelekeza kutoka juu na kuficha hasara. Na Benki Kuu yenyewe imeonyesha kwamba inawezekana kuelekeza bila kurudia kosa hilo. Julai 2021 ilitangaza kwamba benki inayokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 itapunguziwa sehemu ya amana inayolazimika kuiweka Benki Kuu. Ilitenga pia shilingi trilioni 1 za kuyakopesha mabenki kwa riba ya asilimia 3, ili nayo yaikopeshe sekta binafsi kwa riba isiyozidi 10. Hiyo ni amri yenye motisha, na kila mtu anaweza kuipima.

NINI KIFANYIKE

Kwanza, mwongozo wa hatari na hatua za mikopo visikae katika mafaili mawili. Nafuu ya 2021 iongezwe kwa benki inayokopesha umwagiliaji, maghala, mbegu za muda mfupi na hifadhi ya vyanzo vya maji. Hapo meneja wa tawi atapata faida kwa kuipunguza hatari yenyewe, si kwa kumkimbia mwenye nayo.

Pili, benki itangaze pande zote mbili: hatari inayoikabili, na hatari inayoisababisha. Itangaze kila mwaka imekopesha kiasi gani katika kila wilaya na kwa wakulima wa ukubwa gani, na imejiondoa wapi. Taarifa hizo zifike kwa vyama vya msingi vya ushirika na kwa madiwani, ili wanaohusika wazijadili.

Tatu, mkataba wa mkopo wa kilimo uwe na kifungu cha maafa. Grenada iliingiza kifungu cha namna hiyo katika madeni yake iliyoyapanga upya mwaka 2015. Kimbunga Beryl kilipoivunja Carriacou mwezi Julai 2024, Serikali yake ilikitumia na kuahirisha malipo ya hati fungani zake. Kama wenye hati fungani wa kimataifa walikubali kuisubiri serikali, hakuna sababu ya benki ya hapa kutomsubiri mkulima ambaye bonde lake limetangazwa rasmi kuwa la maafa. Gharama ya kusubiri igawanywe kati ya benki, bima ya kilimo na mfuko wa umma, na iandikwe katika bajeti mbele ya Bunge. Isifichwe kama zamani.

Nne, katika mikutano ya dunia tudai haki, tusiombe huruma. Agosti 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliunda akiba mpya ya dola bilioni 650, na Afrika nzima ikapata kama bilioni 33, kwa sababu mgao hufuata hisa za wenye nguvu. Juni 2024 nchi yetu ilikubaliwa fedha za tabianchi kiasi cha dola milioni 786 na shirika hilo. Masharti yake ni nafuu, lakini ni deni. Nchi inayokopa ili kurekebisha uharibifu uliofanywa na wengine inapaswa kusema hivyo katika kila kikao, hata wakati inapotia sahihi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenzetu wa London na Basel wameuona ufa, na tunawashukuru kwa kuutaja. Lakini wameuona kwa jicho la mwenye nyumba ya kupangisha, anayehofia kodi yake. Kazi ya Chama ni kuutazama kwa jicho la anayelala ndani. Kwa hiyo katika semina zetu, katika mabaraza ya mabenki ya umma na katika mikutano ya ushirika, kila inapoletwa kanuni ya kupunguza hatari, tuulize kwanza ni hatari ya nani, na ikiondolewa hapa inapelekwa wapi. Mpaka jibu liwe kwamba imepungua shambani kwa mkulima, kazi haijaisha.